Inaingia, lakini inafaa? Kuchagua na kubadili filta ya haidroliki

Ukifika Gerezani, Kariakoo, na filta kuukuu umeiviringisha kwenye gazeti linalovuja oili, neno utakalolisikia kuliko yote ni hili: "Inaingia hiyo, bosi." Muuzaji anaisimamisha mpya kando ya ile ya zamani, anapima urefu kwa jicho, anajaribu meno, yanashika. Mnapatana bei, unaondoka. Wala hajakudanganya, inaingia kweli. Kufaa ni habari nyingine.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge hivyo hivyo. Ilikuwa tipa inayobeba kokoto kutoka Lugoba, na filta ilikuwa ile inayochuja oili inayorudi, juu ya tenki la jeki inayoinua bodi. Duka moja lilikuwa nayo kwa karibu nusu ya bei niliyoizoea. Wiki ya tatu dereva akanipigia yuko saiti Goba: "Fundi, bodi inafika nusu inagoma, na pampu inalia kama mbuzi." Nilipofungua kifuniko cha tenki nikakuta karatasi ya filta imekunjamana na kuchanika kama boksi lililonyeshewa, vipande vyake vimeganda kwenye wavu wa kunyonyea kule chini. Pampu ilikuwa inabanwa pumzi. Na ajabu, meno ya filta yalikuwa yamekaa sawasawa, na oringi, ule mpira wa kuzuia kuvuja, haikuvuja hata tone.

Nilichojifunza siku ile ndicho nitakachokueleza hapa, kwa mwenye ekskaveta, greda, loda, foklifti, tipa au gari la kukandamiza taka linalopanda kila siku dampo la Pugu Kinyamwezi.

Kwanza jua mashine yako ina filta ngapi

Wengi wanajua moja tu, ile inayoonekana. Mashine ndogo kama foklifti inaweza kweli kuwa na moja na wavu ndani ya tenki, lakini ekskaveta ya tani 20 ina kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

Ndani ya tenki, kwenye mdomo wa bomba liendalo kwenye pampu, kuna wavu wa chuma wa kunyonyea. Matundu yake ni makubwa, mara nyingi mikroni 125 hadi 150 (mikroni nitaieleza mbele), kwa sababu pampu haipendi kuvuta kwa nguvu. Usishawishike kuweka kitu kinachochuja zaidi hapo ukidhani unaisaidia. Pampu ikikosa oili ya kutosha, mapovu yanatokea na kupasuka ndani yake, nayo yanakula chuma kama kutu. Wavu huu unaoshwa na kurudishwa, haubadilishwi ovyo.

Baada ya pampu, kwenye mifumo mingine, kuna filta ya presha, yenye nyumba nzito ya chuma. Kuna ya pailoti, ndogo, inayolinda mfumo wa leva. Mashine nyingine zina ya oili inayovuja ndani ya pampu na mota kurudi tenkini. Halafu kuna filta kuu ya kurudishia, inayopokea oili yote iliyomaliza kazi kwenye silinda. Hii ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

Ya mwisho ni brida, kile kipumulio juu ya tenki. Kila silinda ikirefuka, oili inapungua tenkini na hewa ya nje inaingia. Mashine ikifanya kazi penye vumbi la kokoto na brida imevunjika, au mtu amefunika tundu kwa tambara na waya (nimeliona hilo zaidi ya mara moja), tenki linavuta vumbi kutwa nzima. Utabadili filta nyingine zote na bado oili itakuwa chafu. Bei ya brida ni ndogo sana ukilinganisha na pampu, kwa hiyo sioni sababu ya kuionea huruma.

Namba tano za kuuliza dukani

Anza na kitabu cha mashine. Kama hakipo, soma namba iliyoandikwa kwenye filta ya zamani, ila kwa tahadhari: aliyefunga ile anaweza kuwa naye aliambiwa "inaingia". Nimewahi kukuta foklifti imefungwa filta ya oili ya injini ya pikapu. Namba ya kuaminika ni ya mtengenezaji wa mashine. Ukishaipata, viwanda vya filta vina orodha za kulinganisha namba, na siku hizi unazisoma kwenye simu palepale kaunta. Fleetguard, kwa mfano, huanza na HF kwa filta za haidroliki na LF kwa za oili ya injini. Kwenye Hydac, maandishi kama 0330 R 010 yanakwambia ukubwa, kwamba ni ya kurudishia, na kwamba ni ya mikroni 10.

Sasa namba zenyewe. Ya kwanza ni mikroni. Mikroni moja ni sehemu ya 1000 ya milimita. Unywele ni kama mikroni 70, na jicho la mtu haliwezi kuona chembe iliyo chini ya 40 hivi. Nafasi iliyopo kati ya spuli, kile kijiti kinachoteleza ndani ya valvu, na mwili wa valvu ni mikroni chache tu. Kwa hiyo chembe inayoua mashine yako hujawahi kuiona na hutaiona. Filta za kurudishia nyingi ni za mikroni 10 hadi 25.

Lakini mikroni peke yake ni neno la biashara. Mtu anaweza kuandika "mikroni 10" juu ya boksi na filta ikawa inakamata nusu tu ya chembe za ukubwa huo. Ndiyo maana kuna namba ya pili, beta, inayopimwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 16889. Beta 2 maana yake kati ya chembe mbili moja inapita. Beta 75 inakamata asilimia 98.7, beta 200 asilimia 99.5, na beta 1000 asilimia 99.9. Ukimuuliza muuzaji beta akakushangaa, usimcheke, omba karatasi ya maelezo ya filta. Kama kiwanda hakijaiandika popote, chukulia kwamba ni ndogo.

Ya tatu ndiyo iliyoniumiza mimi: mtiririko, yaani lita ngapi kwa dakika filta inaweza kupitisha. Watu huangalia lita za pampu na kuishia hapo. Chukua tipa. Tuseme jeki inameza lita 40 na pampu inatoa lita 60 kwa dakika, basi bodi inapanda kwa sekunde 40. Kushuka hakuihitaji pampu, uzito wa bodi ndio unaosukuma. Bodi ikishuka kwa sekunde 20, zile lita 40 zimerudi kwa kasi ya lita 120 kwa dakika, mara mbili ya pampu. Filta niliyonunua ilikuwa na maandishi ya lita 70. Kila bodi iliposhuka ilikuwa inapigwa ngumi, na wiki tatu zilitosha. Hesabu ni rahisi: lita za jeki, gawanya kwa sekunde za kushuka, zidisha kwa 60.

Kwenye ekskaveta ni vivyo hivyo, kwa sababu nyingine. Silinda ya kipenyo cha mm 120 yenye rodi (ile fimbo inayotoka na kuingia) ya mm 85 ina eneo upande wa nyuma karibu mara mbili ya upande wa rodi, kwa kuwa rodi yenyewe imechukua nafasi. Pampu ikipeleka lita 100 upande wa rodi, upande wa pili zinatoka kama 200. Nunua filta kwa lita zinazorudi.

Namba ya nne ni baipasi. Huu ni mlango wa dharura: filta ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa ubaridi, mlango unafunguka na oili inapita bila kuchujwa ili filta isipasuke. Kwenye filta za kurudishia nyingi hufunguka presha ikitofautiana kati ya bar 1.5 na 3.5. Filta za injini kwa kawaida hufunguka mapema zaidi, kwa hiyo ile ya pikapu niliyoikuta kwenye foklifti huenda ilikuwa inafungua mlango kila mara ikipata kazi. Na hapo utaelewa majigambo ya kijiweni, "mashine yangu mwaka wa pili sijagusa filta na inapiga kazi." Inapiga kazi kwa oili isiyochujwa. Opereta hahisi chochote mpaka siku pampu inapoanza kuchoka.

Ya tano inahusu filta za presha: nguvu ya elementi, yaani kichujio chenyewe kilicho ndani ya nyumba. Zipo elementi mbili za umbo lile lile kabisa, moja inahimili tofauti ya presha ya bar 20 na nyingine bar 210. Ile ngumu huwekwa mahali pasipo na baipasi. Ukizibadilisha nafasi kwa kuwa zinalingana, umetega bomu dogo ndani ya mashine.

Kuhusu feki, sina siri kubwa ya kukupa. Boksi zuri halisemi kitu, maboksi yanachapishwa kama kalenda. Angalia mikunjo ya karatasi au nyuzi za kioo: iwe imepangwa sawasawa, mingi, na imeshikwa na gundi mwisho hadi mwisho. Bonyeza bomba la katikati kwa kidole, likibonyea liache. Pima uzito mkononi dhidi ya ile unayoijua. Dai risiti. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na bila risiti huna pa kuanzia.

Lini ubadili

Vitabu vingi vya mashine za ujenzi vinataja kati ya saa 500 na 1000 za kazi kwa filta ya kurudishia, na mapema zaidi mashine ikiwa mpya au pampu ikiwa imetoka kufunguliwa, kwa kuwa vyuma vipya humwaga unga wake mwanzoni. Ukifunga breka ya kuvunjia mawe, sahau ratiba hiyo. Breka hutikisa kila kitu na kuchosha sili zake, hivyo oili inachafuka haraka mno. Kitabu cha mashine huwa na jedwali la breka peke yake, na muda wake ni mfupi kuliko watu wanavyopenda kuamini.

Magari ya tipa hayana saa, yana kilomita, na kilomita hazisemi lolote kuhusu jeki. Hesabu safari za kumwaga. Kama filta ina geji au taa ya kuziba, isome oili ikiwa imepata moto. Asubuhi oili ikiwa nzito geji itakupa hofu ya bure.

Siku yenyewe

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wangu. Uchafu mwingi ninaoukuta kwenye tenki tumeuingiza sisi wenyewe, siku ya kubadili filta.

Egesha pasipo mteremko. Ekskaveta iweke ndoo chini, tipa bodi iwe chini. Kama ni lazima ufanye kazi chini ya bodi iliyoinuka, weka nguzo ya chuma ya kukinga. Jeki si nguzo. Zima injini, rudisha swichi kwenye "on" bila kuwasha, kisha chezesha leva zote kila upande mara kadhaa ili presha iliyobaki itoke. Halafu toa hewa ya tenki: bonyeza kitufe cha brida kama kipo, au legeza kifuniko taratibu hadi usikie mluzi umeisha. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto.

Osha. Kabla ya spana kugusa bolti yoyote, piga brashi, futa, puliza kompresa kuzunguka kifuniko chote. Ukifungua na tope la Bonde la Msimbazi limekaa kwenye ukingo, unajua litaangukia wapi. Tumia kitambaa kisichoacha nyuzi, zile pamba za gereji ziache za kufutia mikono.

Legeza bolti za kifuniko kwa zamu, ukikibana kwa kiganja, maana kwenye filta nyingi za juu ya tenki kuna springi chini yake. Dogo mmoja alipigwa na kifuniko kidevuni, mpaka leo ana alama. Inua elementi polepole, iache ichuruzike, kisha iweke kwenye beseni safi. Usiitupe bado. Toa springi na valvu ya baipasi, ziangalie kama zimekwama au kupinda, ziweke pamoja. Nimeona baipasi imetupwa pamoja na filta ya zamani. Kama ni zamu ya wavu wa kunyonyea, uoshe kwa dizeli safi na upulize kutoka ndani kwenda nje.

Na hapa niseme wazi: elementi ya karatasi au ya nyuzi za kioo haioshwi. Kuipiga petroli na kompresa kunaipa sura mpya na matundu mapya. Itaonekana safi, itapitisha kila kitu.

Mpya itoe kwenye mfuko wakati wa kuifunga, si nusu saa kabla ukiwa umeilaza juu ya trak. Paka oringi mpya oili safi ya haidroliki, si grisi. Hakikisha ya zamani haikubaki imenata, kwani oringi mbili zikipandana zitavuja mchana huohuo. Kama ni filta ya kuzungusha, igeuze kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au kadiri ilivyoandikwa ubavuni mwake. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Kuongeza oili kunahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Oili mpya ya pipa si lazima iwe safi kiasi ambacho pampu inataka. Kiwango cha usafi huandikwa kwa namba tatu za ISO 4406, na mifumo mingi inataka kitu kama 18/16/13, wakati oili iliyotoka kwenye pipa huwa chafu zaidi ya hapo. Imimine kupitia filta, kwa mashine ndogo ya kuchujia au angalau kupitia nyumba ya filta ya kurudishia, si kwa jagi lililokuwa na maji ya betri. Fuata namba ya uzito wa oili iliyo kitabuni, VG 46 au VG 68, na usichanganye aina.

Washa, acha injini iungurume taratibu, silensa chini, dakika kumi. Peleka kila silinda polepole, bila kuifikisha mwisho, mara nne au tano, ili hewa itoke. Ukisikia pampu inalia au oili ina povu kwenye kioo cha kipimo, zima usubiri. Kisha kagua uvujaji kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kidole. Mchirizi mwembamba wa oili yenye presha unapenya ngozi kama sindano, unaacha kitundu kisichouma sana mwanzoni, na mtu anaweza kupoteza mkono. Ikitokea, ni hospitali saa ileile na mwambie daktari kilichoingia ni oili ya presha.

Ifungue ile ya zamani

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa na karibu kila fundi. Kama ni filta ya kuzungusha, kata ganda lake kwa kikatio cha bati. Msumeno usitumie, unga wake utachanganyika na ushahidi. Kisha nyoosha mikunjo ya karatasi juani, juu ya bati jeupe.

Vipande vyeusi laini ni mpira, sili ya silinda fulani inaliwa. Unga wa rangi ya dhahabu ni shaba, mara nyingi kutoka viatu vya pistoni za pampu au bushi zake, na ukiwa mwingi anza kupanga bajeti. Pitisha sumaku chini ya bati: kinachokimbilia sumaku ni chuma cha gia, bearing au silinda iliyokwaruzika. Chembe ngumu za kung'aa zisizofuata sumaku, zinazokwaruza ukizisugua kwenye kioo, ni mchanga. Mchanga hautengenezwi ndani ya pampu. Rudi kwenye brida na kwenye mpira wa kufutia rodi.

Karatasi ikiwa imevimba na oili ina rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Kama una shaka, pasha kipande cha bati hadi kipite nyuzi 130, vaa miwani, dondosha tone moja la oili. Likitatarika kama kitunguu kwenye mafuta, maji yamo. Kwa Dar wakati wa masika chanzo mara nyingi ni pipa lililosimamishwa nje. Maji ya mvua yanakaa juu ya mfuniko, usiku pipa likipoa hewa ya ndani inajikunyata na kuyavuta kupitia kizibo ambacho ungeapa kimekazwa. Laza pipa ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia.

Andika kwa maka pen tarehe na saa za mashine juu ya filta mpya, na kwenye daftari andika ulichokiona kwenye ya zamani, hata kama ni "safi". Daftari la filta nne mfululizo lina habari kuliko opereta yeyote.

Filta kuukuu iache kichwa chini juu ya ndoo usiku mzima. Oili chafu usiimwage mtaroni. NEMC, wasimamizi wa mazingira, wanataka ichukuliwe na mwenye kibali cha taka hatarishi, na watu wa aina hiyo wapo mjini na wanakuja wenyewe ukiwa na pipa zima. Asubuhi yake, kabla mashine haijatoka, pitisha mkono kwenye ukingo wa kifuniko ikiwa imezimwa, pima kiwango cha oili, kaza bolti tena kidogo kwa zamu.